Wauza skana wa Nairobi, kasi mnayotutangazia si ya vitabu!

Jameni, haya maduka yetu ya Luthuli Avenue yatatuuzia uongo hadi lini? Nilimweleza muuzaji kinagaubaga: nina vitabu vya zamani, vimeshonwa, sitaki kuvikata, na skana ya nyumbani inanichelewesha. Nataka ya kasi. Akanionyesha katoni: kurasa 25 kwa dakika. "Chukua hii mzee, wikendi moja unamaliza kabati lote."

Zile kurasa 25 ni za karatasi zilizo huru, unazopanga kwenye trei ya juu na mashine inazivuta yenyewe. Kitabu hakiingii humo mpaka ukitoe mgongo! Ukikilaza kwenye kioo, taa inatambaa, inarudi, unainua kitabu, unafungua ukurasa, unakandamiza, unangoja tena. Pigeni hesabu wenyewe. Kitabu cha kurasa 300 cha ukubwa wa A5, ukiskani kurasa mbili kwa pamoja, ni mizunguko 150. Kila mzunguko ukila nusu dakika, hiyo ni saa moja na robo. Kwa maneno ya katoni ingekuwa dakika 12. Na hapo nazungumzia ubora wa picha wa nukta 300 kwa inchi, kiwango cha kawaida cha programu za kutambua herufi, zile zinazogeuza picha ya ukurasa kuwa maandishi. Ukipanda hadi 600, data inakuwa mara nne.

Halafu kuna jambo ambalo hakulitaja kabisa. Mashine yenyewe inatumia kihisi (jicho la skana) cha aina ya CIS, ambacho huona vizuri kile tu kilichogusa kioo. Pale karibu na mshono, ukurasa unapoinuka, maneno yanatoka na ukungu, na programu inasoma takataka. Skana ya kioo yenye kihisi cha aina nyingine, CCD, inastahimili zaidi sehemu zilizoinuka. Muuzaji aliyeambiwa neno "kitabu" alipaswa kuanzia hapo.

Nikairudisha. Nikaonyeshwa bango ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Tangu lini bango la duka likashinda Katiba?

Vitabu vyenyewe si vya kuchezea. Vingine vilitolewa na East African Literature Bureau, shirika la kuchapisha vitabu lililoanzishwa 1948. Karatasi zimekuwa manjano, kingo zinameguka, na kila unapokandamiza kwenye kioo mgongo unazidi kulegea. Kikiharibika siendi dukani kununua kingine.

Kwa kazi hii nimeshawishika kwamba skana inayofaa ni ile inayonasa picha kutoka juu, kama ScanSnap SV600 au zile za CZUR. Kitabu kinalala wazi mezani, kurasa mbili zinanaswa kwa sekunde chache, programu inanyoosha mkunjo. Karatasi inayong'aa huisumbua kwa sababu inarudisha mwanga, lakini vitabu vyangu vingi si vya aina hiyo.

Sasa nataka majibu ya watu waliozitumia. Kuna duka lolote hapa mjini litakaloniruhusu nije na kitabu changu kinene, tuiwashe mashine, nihesabu kurasa kwa saa yangu mwenyewe kabla sijatuma hela ya M-Pesa? Na kama kuna aliyewahi kurudishiwa pesa zake baada ya kuuziwa hii kasi ya katoni, aeleze alipeleka malalamiko wapi.