Wauza miamvuli ya kuruka angani, ulizeni mtu ana kilo ngapi kabla hamjamuuliza bajeti!

Wakuu habari za jioni. Mods, naomba uzi huu msiupeleke kwenye matangazo madogo. Siuzi kitu, nimechafukwa.

Mimi ni mkazi wa Mwanza. Kuruka nimejifunzia Diani kule Kenya, leseni ya kwanza ninayo, na kwa kuwa kukodi vifaa kila nikienda kunanimalizia mshahara, nikaamua nitafute seti yangu mwenyewe. Nikatangaza nia kwenye magrupu. Wamekuja wauzaji wa kila aina, na wote swali lao la kwanza ni moja: "Bosi, bajeti ngapi?" Hakuna aliyeuliza nina kilo ngapi. Hakuna aliyeuliza nimeruka mara ngapi. Mtu anakuuzia kitu cha kukushusha kutoka futi elfu kumi na hataki kujua uzito wako!

Kwa wale ambao wakisikia mwavuli wanawaza makomandoo wa JWTZ tu: seti ina begi lenye mikanda ya mwili, mwavuli mkuu, mwavuli wa akiba, na kompyuta ndogo inayokata kitanzi cha mwavuli wa akiba ili ufunguke wenyewe ukiwa bado unaporomoka karibu na ardhi. Ukubwa wa mwavuli hupimwa kwa futi za mraba. Unachukua uzito wako ukiwa umevaa kila kitu, unaugeuza kuwa pauni, unagawa kwa hizo futi. Mgeni anashauriwa abaki kwenye moja au chini ya moja. Mimi na vifaa vyangu ni kilo 95, yaani pauni 209. Kwa hiyo natafuta 210. Hesabu ya darasa la tano hii.

Sasa kuna bwana mmoja hapa hapa jijini, jina silitaji. Ana seti anayosema iliachwa na mzungu aliyekuwa anafanya kazi migodini. Simuni nzuri: "mashine kali, haina tatizo." Nikamtumia kishika uchumba kwa makubaliano yaliyoandikwa WhatsApp kwamba fundi wa miamvuli akiikataa, hela inarudi. Meseji zote ninazo.

Nafika kuiona. Mwavuli mkuu ni Stiletto, saizi 150.

Wanaojua wameshashika kichwa. Kwa uzito wangu hiyo ni karibu 1.4, na Stiletto haukutengenezwa kwa mgeni. Umbo lake ni la duaradufu, ukifunguka kamba zikiwa zimesokotana unaweza kuanza kuzunguka na kupiga mbizi kabla hujajua kushoto ni wapi. Kwa mwenye uzoefu ni mwavuli mtamu sana, sina ugomvi nao. Namwambia mzee huu si saizi yangu, ananijibu, "Utauzoea, wewe kijana."

Kilichofuata ndicho kimenifanya nifungue uzi. Nauliza mbona unanuka dagaa? Anajibu kwa fahari kabisa kwamba walikuta umechafuka, wakaufua kwa sabuni ya unga, wakauanika juu ya mawe siku mbili! Jamani. Kile ni kitambaa cha nailoni chenye mpako wa kuzuia hewa isipenye. Jua la moja kwa moja huila nailoni polepole bila kuonyesha alama, na sabuni ya unga haina kazi yoyote pale. Mawe ya Mwanza tunayapenda wote, lakini ni kanga zinazoanikwa pale, na hao dagaa.

Nikasema basi nione mwavuli wa akiba. "Huo mpya, haujawahi kutumika." Nani aliufunga na lini? Kimya. Ule haufungwi na mtu yeyote, unafungwa na fundi mwenye cheti, anaandika tarehe na kusaini kwenye kadi inayokaa ndani ya begi. Marekani ni lazima ufunguliwe na kufungwa upya kila siku 180 hata kama hujauruka. Kadi aliyonionyesha imekunjwa, sehemu ya tarehe ina doa la chai. Saizi yake 126, mdogo hata kuliko ule mkuu. Na siku ya kutumia mwavuli wa akiba huenda usipate nafasi ya kuchagua pa kutua, unaweza kukushusha kwenye miamba ya Bugando au katikati ya ziwa.

Ile kompyuta ni Cypres 2 ya mwaka 2009. Maisha yake ni miaka kumi na miwili na nusu. Pigeni hesabu wenyewe. Yeye amejumlisha bei yake humo kama kitu kizima, eti "taa inawaka."

Kamba nazo ni za nyuzi za Spectra, na Spectra hufupika kwa joto la msuguano, hasa zile za usukani, mpaka mwavuli unaruka kama umevutwa breki nawe hujagusa kitu. Nikauliza zimewahi kubadilishwa? Akaniuliza kwani ni gari?

Nimekataa mzigo. Hela hataki kurudisha, anasema kishika uchumba hakirudi.

Na nyie wazoefu mnaowatetea wauzaji hawa kwenye magrupu, mna lenu pia. "Nunua ndogo, utakua nayo." Mtoto hununuliwa sare pana ili aijaze, nyie mnataka mtu avae ya kumbana halafu yeye ndiye apungue? Watu wengi huumia, wengine hufa, chini ya mwavuli uliofunguka salama kabisa, pale wanapotua. Kona ya kukwepa mtu ukiwa karibu na ardhi ndiyo inayovunja nyonga, na mwavuli mdogo hausamehi kona hiyo. Halafu mnaniambia nitaurukia huku kanda ya ziwa. Ziwa lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo mwavuli uleule ulioutua Diani, pwani, utakuja kasi zaidi huku, kama asilimia tano au sita hivi, na hapo joto la saa nane mchana sijaligusa.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Mkuu uliyesema nichukue begi tu halafu nichomeke mwavuli mkubwa, begi lililoshonwa kwa 150 halimezi 210. Ukilishindilia kwa magoti, hata likikubali kufunga, pini inakaza, na siku ya kuvuta ndiyo utajua. Isitoshe mikanda yake ilikatwa kwa kifua na mapaja ya yule mzungu, mimi naelea ndani yake.

Mwenye seti ya 210 aje inbox na picha za lebo, mwaka wa kutengenezwa na kadi ya mwavuli wa akiba ikiwa imekunjuliwa. Na yule bwana, najua unasoma humu. Una mpaka Ijumaa kurudisha hela yangu, baada ya hapo meseji zetu zinakwenda kituoni.