Elimu ya maendeleo endelevu kwenye uhandisi ujenzi: kozi mpya au tuichanganye?

Mtaala_Mpya:
Wakuu, mtaala wa shahada unapitiwa upya na kamati imegawanyika. Wengine wanataka kozi moja ya maendeleo endelevu mwaka wa kwanza, wengine iingie ndani ya kozi zilizopo. Tufuate lipi? Na mtandao wa vyuo vikuu unasaidia nini hasa?

Zege56:
Ichanganyeni. Kwa kipimo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) krediti 1 ni saa 10, hivyo kozi ya krediti 8 inakula saa 80 za mwanafunzi, na lazima kitu kingine kitoke. Tena ataifaulu mwaka wa kwanza, kisha mwaka wa tatu anasanifu zege kana kwamba hakuisoma.

Anzeni na kozi ya vifaa vya ujenzi. Saruji hutokana na mawe ya chokaa, yaani kalsiamu kaboneti, na kila gramu 100 zake zikichomwa tanurini hutoa gramu 44 za hewa ukaa, hapo mafuta ya tanuri hayajahesabiwa. Mwanafunzi apunguze saruji asilimia 30, aweke pozolana (unga kama wa majivu ya volkano) badala yake, alinganishe hewa ukaa na nguvu ya zege. Angalizo: pozolana hukomaa polepole. Mkivunja vipande siku ya 7 tu, vitaonekana dhaifu na darasa litaondoka na jibu potofu. Vunjeni siku ya 28 na ya 56. Kwa hiyo zege limwagwe kabla wiki ya 5 haijaisha, la sivyo muhula utafungwa majibu hayajatoka.

Mtahini wa Nje:
Naunga mkono, ila kuchanganya nako huishia kwenye utangulizi wa mtaala kama hakuna alama. "Aelewe umuhimu wa mazingira" huwezi kuisahihisha. "Akokotoe hewa ukaa ya mita moja ya ujazo ya zege" unaweza. Ipeni alama 15 kati ya 100, na swali liwe la lazima.

Mitandao ipo tangu zamani. MESA, ushirikiano wa kuingiza mazingira na uendelevu kwenye vyuo vikuu vya Afrika, ilizinduliwa na UNEP (Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa) mwaka 2004. Faida yake ni kubadilishana kazi za maabara, maswali na watahini. Hati ya makubaliano isiyo na bajeti wala ratiba hubaki kabatini.

Mtaala_Mpya:
Nashukuru sana. Mhusika wa mtandao awe nani?

Mtahini wa Nje:
Andikeni cheo, msiandike jina: mratibu wa mitaala wa idara, kwa barua pepe ya ofisi. Mhadhiri akienda masomoni, mawasiliano yasiende naye.