Kuogopa ni dhambi? Nimechoka kuambiwa sina imani

Mama Wawili: Bwana asifiwe wapendwa. Mume wangu kasimamishwa kazi na mtoto wetu mdogo anaumwa, tunasubiri majibu ya vipimo. Mchana najikaza ila saa tisa usiku naamka moyo unadunda, nataka kuomba maneno hayatoki naishia kusema Yesu, Yesu tu. Sasa kwenye kikundi cha maombi nimeambiwa hofu yangu ndo inazuia muujiza wa mtoto, hiyo imeniuma kuliko yote. Kweli Mungu anaweza kumnyima mtoto uponyaji kisa mama yake anaogopa?

Msomaji wa Neno: Pole sana dada. Hapana kabisa. Soma Marko 9, yule baba mwenye mtoto mgonjwa alimwambia Yesu waziwazi "naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" na mtoto akaponywa, hakuambiwa nenda kwanza ukakamilishe imani ndo urudi. Zaburi 56 nayo, ile ya Daudi alipokamatwa na Wafilisti huko Gathi, anasema siku ya hofu yangu nitakutumaini wewe, yaani hofu ipo na kutumaini kupo siku hiyohiyo. Na bustani ya Gethsemane je, usiku ule kabla ya kusulubiwa? Bwana wetu mwenyewe alifadhaika akaomba kikombe cha mateso kimwondokee, nani atasema alikosa imani?

Mzee wa Kanisa: Naunga mkono ila tusilifute neno "usiogope", lipo kwenye Biblia na lina kazi yake. Mara nyingi linakuja na sababu, Isaya 41:10 usiogope kwa maana mimi ni pamoja nawe, hiyo ni faraja siyo karipio. Hata kwenye dhoruba, Marko 4, Yesu alituliza upepo kwanza ndo akawauliza mbona mmekuwa waoga. Ila binti yangu, asikuahidi mtu kwamba lazima iwe hivi au vile. Wale vijana 3 wenzake Danieli, walipotishiwa kutupwa kwenye tanuru ya moto, walisema Mungu wetu aweza kutuokoa, halafu wakaongeza "bali kama si hivyo", na bado wakakataa kuisujudia sanamu.

Dada K: Mi nakuuliza tu mpenzi, unakula? Eliya alipochoka mpaka akaomba afe, 1 Wafalme 19, malaika hakumhubiria, alimgusa akamwambia inuka ule, kulikuwa na mkate na maji, akala akalala tena, akaamshwa mara ya pili akala. Pokezaneni zamu na baba watoto usiku, na huo moyo kudunda mwambie daktari pia wala siyo kukosa imani. Ukiishia kusema Yesu tu hayo ni maombi tosha, Warumi 8:26 Roho anakuombea pale usipojua uombeje. Siku mbaya kabisa soma Zaburi 88 kwa sauti, ile inalia mwanzo mpaka mwisho na Mungu kairuhusu ikae humo.

Mama Wawili: Nimesoma nalia. Asanteni jamani. Leo namsomea mume wangu hiyo Marko 9 maana najua naye anaogopa ila hasemi. Majibu ni Alhamisi, mtuombee.