SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ipi kwa kompyuta ya gemu: SATA au NVMe?

Swali: Wakuu, madabodi (bodi kuu ya kompyuta) yangu ina tundu moja la M.2 (la kuchomeka SSD bapa), PCIe 3.0 (njia ya data, kizazi cha 3). Gemu ziko kwenye HDD (diski ya zamani inayozunguka), zinafunguka polepole mno. Ninunue ipi?

Jibu 1: NVMe (SSD inayopitia PCIe), mkuu. SATA (muunganisho wa zamani) inaishia kama MB 550 kwa sekunde, PCIe 3.0 inafika 3,500 hivi. Hata SSD ya PCIe 4.0 itakubali, ila kwa kasi ya 3.0. Chukua TB 1, saizi 2280 (upana mm 22, urefu mm 80). Usiijaze pomoni, kasi ya kuandika hushuka.

Jibu 2: Soma kwanza kitabu cha madabodi! Kuna matundu ya M.2 yanayopokea SATA tu. Mengine yakitumika huzima tundu la kawaida la SATA, na watu hudhani HDD imekufa.

Jibu 3: Ichomeke kwa mshazari, ilaze, kaza skrubu taratibu. Windows isipoionyesha, ingia Disk Management (sehemu ya Windows ya kusimamia diski), chagua GPT (mpangilio wa kugawa diski), kisha ifomati.