Chianti, Primitivo au Montepulciano: ipi kwa mwenye kiuno kibovu?

MshonaPazia (Malindi)
Wadau, salaam. Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa ishirini huu nimeinamia mashine, na kiuno kimeanza kudai chake. Wateja wangu wengi ni Waitaliano wa huku Malindi, ndio walionizoesha waini nyekundu. Jumamosi nikifunga kibanda hupenda glasi mbili na chakula. Mfuko wangu unafika kwenye Chianti, Primitivo na Montepulciano d'Abruzzo. Wiki jana nilikunywa Primitivo, nikapitiwa na usingizi kwenye kochi. Saa tisa usiku naamka, shingo imepinda, kiuno kimekaza kama ubao. Sitarajii waini initibu. Nauliza tu, ipi inanywika bila kuniadhibu kesho yake?

Mla_Pweza
Chianti, sina la kufikiria. Zabibu yake kuu ni Sangiovese, angalau asilimia 70 kwa sheria yao, na ule uchachu wake unakwenda vizuri na mchuzi wa nyanya. Ila ya bei ya chini kabisa huwa majimaji na inakwaruza ulimi. Ile chupa iliyovishwa kikapu usiiongezee pesa, ni pambo tu.

DadaBologna
Pole kaka. Mimi huku Bologna nalea wazee, kuwanyanyua asubuhi na jioni, kwa hiyo mgongo tunajuana nao. Kura yangu ni Montepulciano d'Abruzzo. Supamaketi ya huku napata nzuri chini ya euro 5, ina ladha ya matunda meusi, haikaushi mdomo sana, hata na maharage inakubali. Usiichanganye na Vino Nobile di Montepulciano. Hiyo jina lake ni la mji mmoja wa mkoa wa Toscana, zabibu yake kuu ni Sangiovese, na bei yake utakimbia.

Primitivo isome lebo kwanza. Inatoka Puglia, kisigino cha Italia, jua kali, zabibu zinajaa sukari, na sukari ndiyo inayogeuka kileo: asilimia 14 na kupita. Ukibahatika kuona Lambrusco kavu, yaani isiyo tamu, jaribu. Ni nyekundu yenye povu, hunywewa baridi, na nyingi ziko karibu na asilimia 11.

Halafu tafuta chupa ya kifuniko cha kuzungusha. Mimi nilibana chupa magotini nikavuta kizibo, siku mbili nzima sikuweza kufunga viatu.

Mfamasia_Usiku
Kabla ya chupa, unameza dawa gani?

MshonaPazia
Diklofenaki, tangu Alhamisi. Asubuhi na jioni.

Mfamasia_Usiku
Basi kwa sasa, hakuna kati ya hizo tatu. Diklofenaki, kama ibuprofeni, inachubua ukuta wa tumbo, na kileo nacho kinauchubua. Zikikutana unajitafutia vidonda na kuvuja damu tumboni. Ungekuwa kwenye tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, au dawa za kulegeza misuli ningekukataza hata tone, maana zote zinalevya usingizi na zinaweza kupunguza pumzi.

Ukimaliza dawa, piga hesabu ya glasi. Mililita 150 za Primitivo ya asilimia 14 zina mililita 21 za kileo chenyewe. Za Lambrusco ya asilimia 11 zina 16 na nusu. Na usingizi wa pombe huja upesi, ukakatika usiku wa manane. Hiyo saa tisa yako haikuwa kochi peke yake.

Ukiona ganzi kati ya mapaja, mkojo umegoma, au mguu umeishiwa nguvu, hiyo si ya kusubiri kesho. Hospitali siku hiyo hiyo.

Mla_Pweza
Jamani, tulikuwa tunaongea Chianti hapa.

DadaBologna
Mwache mfamasia aseme. Mimi daktari wangu alinigombeza kwa kulala kitandani wiki nzima. Kutembea kidogo kidogo ndiko kulikonirudisha kazini.

MshonaPazia
Nimeelewa. Dawa zinaisha Jumanne. Montepulciano nilishanunua, iko kabatini, na nimekwenda kuitazama: kizibo cha mti! Atafungua mke wangu, yeye hata hanywi. Dada, glasi mbili zikishatoka, iliyobaki inakaa siku ngapi?

DadaBologna
Ifunge, iweke friji, siku tatu inavumilia. Itoe nusu saa kabla ya kula. Kwa joto la Malindi, robo saa.