Nimefuta ukurasa, kiini kingine bado kinauandikia

kibatari: Wakuu, huu usiku wa tatu sijalala vizuri. Naandika kerneli (kitovu cha mfumo endeshi) yangu ndogo ya prosesa za RISC-V, naijaribu kwenye QEMU, kompyuta ya kuigiza, yenye viini 4 vya prosesa. Nikitaka kuondoa ukurasa wa kumbukumbu, nafuta ingizo lake kwenye jedwali la kurasa, napiga agizo la `sfence.vma`, kisha naiachia fremu, yaani kipande cha kumbukumbu halisi kilichobeba ukurasa huo. Kwa kiini 1, safi. Kwa 4, mchakato mwingine unapewa fremu ileile na data yake inaharibika. Nakosea wapi?

mzee_wa_biti: Ndugu yangu, `sfence.vma` inasafisha TLB (keshi ya tafsiri za anwani za kumbukumbu) ya kiini kilichoiita tu. Vile 3 vingine bado vinashika tafsiri ya zamani na vinaandika humo bila wasiwasi. Vipelekee ukatizi (ishara ya kusimamisha kazi kwa muda), kila kimoja kisafishe TLB yake na kujibu. Fremu usiiachie mpaka majibu yote yarudi! Hapo ndipo penye kosa lako.

nahodha4k: Na ukipakia programu mpya kwenye fremu hiyo, kumbuka keshi ya maagizo: `fence.i`, agizo la kuisawazisha, nayo ni ya kiini kimoja.

kibatari: Nimeweka kihesabu cha majibu, kerneli ikakwama. Viini viwili vilisubiriana, vyote vimezima ukatizi.

mzee_wa_biti: Basi kinachosubiri kihudumie maombi ya wenzake ndani ya kitanzi. Au iachie OpenSBI, programu inayokaa chini ya kerneli, ina wito wa kusafisha TLB za viini vingine, na ukatizi wake hauzuiwi na kerneli yako.

kibatari: Nimetumia OpenSBI. Saa nzima sasa, data haijaguswa. Asanteni sana, wakuu.