Naomba ushauri: nimejipangia mbio tatu za kiangazi ili baridi isinishinde

Wakuu, habari zenu. Naomba mawazo yenu.

Niliko ni baridi kali, giza linaingia saa kumi jioni na asubuhi njia zina barafu. Tangu Novemba nakimbia mara moja kwa wiki, tena kwa kujilazimisha. Ili nipate sababu ya kutoka kitandani, nimepanga nusu marathoni mwanzoni mwa Juni, marathoni kamili ya kilomita 42.2 katikati ya Julai, kisha kilomita 50 za milimani mwishoni mwa Agosti. Ya kwanza nimeshalipia. Hizo mbili bado, maana moyoni naona kama nimeingiwa na tamaa.

Nimejaribu mashine ya kukimbilia ndani: dakika 20 tu nimechoka, na si miguu, ni akili. Kukimbia na mwenzangu kulinisaidia sana mpaka alipoumia goti.

Je, wiki sita baada ya marathoni zinatosha mwili kupona kabla ya hizo kilomita 50, au nifute moja? Na mliozoea baridi, mnaanza lini kuongeza kilomita msije mkafika kiangazi mmeshachoka?

Nawasilisha.